Darasa la Arvil Sebuleni

Arvil Slone alikula maharage na mkate wa mahindi harakaharaka, kisha akaketi mbele ya televisheni. Mgodi wa makaa ya mawe ulikuwa umefungwa, na sasa alitaka kazi ya ufundi hospitalini. Hospitali ilidai cheti cha sekondari. Arvil alikuwa ameacha shule akiwa kijana. Basi kila jioni alijiandaa kwa mtihani wa cheti hicho kwa kusoma hesabu kwenye televisheni ya umma, hapo hapo nyumbani kwake, katika milima ya jimbo la Kentucky, Marekani.

Jioni hiyo hakumwona mwalimu. Alimwona mtangazaji akiwaomba watazamaji wachangie kituo.

"Haya, wameanza kuombaomba!" alifoka. "Na mtihani wangu umekaribia!"

"Punguza sauti, mwanafunzi," mkewe Geneva alimtania. "Utafukuzwa darasani."

Jirani yao, Wilma Caudill, alikuwa amekuja kurudisha sufuria. Wilma hujitolea kupokea simu za wachangiaji kituoni. Alicheka, akavuta kiti.

"Arvil, umewahi kuona tangazo la sabuni katikati ya somo lako?"

"Hapana."

"Vituo vingine vinaishi kwa matangazo. Vinatafuta vipindi vya kuvuta wanunuzi. Sasa wewe huna kazi, unajifunza hesabu za sehemu. Nani atakuuzia nini?"

"Huyu? Hata soksi hanunui!" Geneva akaangua kicheko.

"Ndiyo maana sisi watazamaji tunachangia," Wilma aliendelea. " Mwenye nacho anatoa, asiye nacho anatazama vilevile. Halazimishwi mtu."

Arvil alimgeukia Wilma. "Kumbe nimekuwa nikisomeshwa na watu nisiowajua."

"Mmoja unamjua. Huyu hapa, amekalia kiti chako."

Arvil aliona haya. "Lakini Wilma, kwa sasa sina kitu."

"Nani kakuambia utoe pesa ya chakula? Njoo Jumamosi tupokee simu. Sauti unayo!"

Jumamosi Arvil alikwenda. Mkulima mmoja alipiga simu akasema anapenda kusikia viongozi wa jimbo wakiulizwa maswali magumu. Bibi mmoja alisema wajukuu wake wamejifunza herufi kupitia kituo hicho. Mjane wa mchimba mgodi alitaka nyimbo za milimani zisipotee. Hakuna aliyesema anatoa sadaka. Kila mmoja alisema "kituo chetu".

Michango ilitosha. Masomo yakaendelea, Arvil akafaulu mtihani, na hospitali ikamwajiri. Tangu alipopata mshahara wa kwanza, huchangia kidogo kila mwezi.

Msimu wa michango uliofuata, mtangazaji alimsimamisha mbele ya kamera akamwuliza kwa nini anatoa. Arvil alivua kofia. Hakumtazama mtangazaji, aliitazama kamera.

"Ndugu yangu unayesoma huko nyumbani," alisema, "sikujui jina. Kesho jioni washa televisheni. Mwalimu atakuwepo."