Mzee wa Kwenye Picha ya Charles

Minza alikulia zizini, na kinyesi cha ng'ombe hakijawahi kumtia kinyaa. Lakini harufu iliyokuwa sebuleni kwake Chimala asubuhi ile ilimtoa mbio, akatapikia mlangoni. Ilikuwa kama maziwa yaliyoozea ndani ya utumbo wa mnyama, na ilitoka upande wa picha.

Picha yenyewe mumewe, Charles, aliinunua Uyole: mzee peke yake juu ya jiwe, kando ya bwawa, milima ya kijani nyuma yake. Charles ni mwalimu, hakosi maelezo.

"Huo ndio upweke, mama Masunga. Ameukimbia ulimwengu, anatafakari. Halafu mwone, kama marehemu baba kabisa!"

Kosa likawa hapo. Mkamwana wa Kisukuma hamkodolei macho baba mkwe. Tangu siku hiyo Minza alipita sebuleni ameinamisha kichwa, na akimnyonyesha Masunga, mtoto wao wa miezi minne, aliipa picha mgongo.

Mtoto akazidi kukonda. Ananyonya, anatapika uteute wa kijani wenye vinywele, analia hadi sauti inamkauka. Zahanati wamempima, hawaoni kitu. Na kila Minza alipomtia titi mdomoni alisikia nyuma yake mtu akimung'unya, taratibu, kwa midomo iliyojaa mate, naye akajikaza asigeuke, maana nani atamgeukia mkwe wake akiwa anakula?

Mama mkwe alipokuja kumwona mjukuu, Charles alimpeleka moja kwa moja kwenye picha.

"Mayu, mama yangu, unamkumbuka?"

Bibi akaziba pua kwa khanga. "Huyu siyo baba yako," akanong'ona. "Tumbo hilo baba yako alilitoa wapi? Na anatafakari nini huku anatafuna? Minza, mwanangu, inua macho."

Minza akainua. Mzee alikuwa amenenepa hadi amejaa fremu nzima, maziwa yanamchuruzika kidevuni na kuingia kwenye mikunjo ya shingo, na ndani ya mikunjo funza wanapanda na kushuka, na macho yake, ambayo Charles alisema yanatazama mbali, yalikuwa yametua kifuani pa Minza bila haya yoyote. Alijihisi mchafu mwili mzima.

Waliichoma uani mchana huohuo. Bibi alitema mate motoni, akaiita mizimu ya ukoo imfukuze jini huyo. Picha ikatoa mafuta, ikanukia nyama, na mbwa wa jirani wakaja wakidondosha mate.

Harufu ikakatika. Masunga akanyamaza, akanyoosha mikono kutaka titi.

"Amepona," Charles alisema.

Minza akaketi, anacheka huku analia, akampa. Mtoto alinyonya kwa nguvu, vizuri kabisa. Halafu akaacha kunyonya, akaanza kutafuna. Minza alipopiga yowe na kumpenyeza kidole mdomoni ili amwachishe, kiligusa meno, safu nzima, juu na chini.