Viatu vya Pole

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Mukunde alimpelekea nguruwe wao maganda ya viazi na pumba. Nguruwe huyo alikuwa na mimba. Walimwita Shangazi, kwa sababu alimgombeza yeyote aliyechelewesha chakula. Hapo nyumbani Kabuga hawakuwa na mfugo mwingine.

Mwaka 1991, nguruwe wote wa jirani yao, mzee Nzeyimana, walikufa. Mama alimtuma Mukunde akasaidie, maana jirani aliyepoteza mifugo hapewi pole ya mdomo tu. Mukunde akaburuta mizoga, akakwangua banda kwa koleo la kwao, akalia pamoja na wenye nyumba. Jioni alirudi na koleo lile lile, akaingia bandani kwa Shangazi na viatu vile vile vyenye matope.

Hazikupita wiki mbili, Shangazi akakataa chakula. Mwili ukachemka, masikio yakaiva kwa wekundu, mimba ikatoka. Alikufa kichwa chake kikiwa gotini kwa Mukunde.

Mutsinzi, daktari wa mifugo, aliuliza nani aliingia bandani na alikuwa ametoka wapi. Mukunde akaeleza yote.

"Homa hii ya nguruwe haina dawa wala chanjo," daktari alisema. "Haimpati mtu, lakini mtu huibeba kwa viatu, kwa koleo, hata kwa nyama."

"Basi nimemuua mimi."

"Mimi ndiye niliyekutuma," Mama akasema.

Daktari akaagiza mzoga uzikwe katika shimo refu bila kugawa nyama, na koleo, viatu na banda visafishwe kwa dawa ya kuua vijidudu. Mukunde na Mama wakiwa wanachimba, Uwera, rafiki yake Mukunde, akatokea na jembe begani. Kwao walikuwa na nguruwe anayenyonyesha. Mukunde alimwahi barabarani, akamkataza kuingia.

Uwera alikunja uso. "Kwa Nzeyimana ulikwenda. Mimi ndiye wa kufukuzwa?"

"Nilikwenda, ndiyo maana tunachimba. Nipe pole kutoka hapo hapo ulipo."

Uwera akashusha jembe. Wakalia, kila mmoja upande wake wa barabara.

Nguruwe wa akina Uwera hawakuugua. Lakini jioni ile hakuna aliyejua hilo. Mama alimfuta Mukunde machozi, akamwambia, "Mwanangu, ugonjwa hauulizi mtu amekuja kwa nia gani. Ukitoka kwenye banda lenye ugonjwa, usikanyage banda lingine. Leo umemnyima rafiki yako mlango, na hiyo ndiyo huruma."