Jiko la Arobaini Ndani ya Kombi

Kila asubuhi Bi Mishi aliwasha jiko la makaa, akalipepea mpaka makaa yakawa mekundu, kisha akalitia chini ya kitanda cha bintiye. Binti huyo, Shekha, alikuwa mzazi wa siku tisa. Mtoto wake, Seif, ndiye aliyekuwa mjukuu wa kwanza wa Bi Mishi. Na Bi Mishi, ukimgusa katika mambo ya ada, umechokoza nyuki. Mzazi akandwe kwa maji ya moto. Mzazi awekewe jiko siku arobaini. Mzazi asipigwe na upepo. "Mwacha mila ni mtumwa," alisema, na pale kijijini, kando ya mto Sabaki, hakuna aliyethubutu kumbishia.

Siku ya kumi mto ukafurika. Mwaka huo wa themanini na nane mvua haikuwa na huruma. Maji yalichukua mahindi, yakachukua migomba, na saa nne za asubuhi yakaingia chumbani. Nyumba ya udongo na makuti ikaanguka.

Abdalla, mume wa Shekha, alikuwa na Kombi kuukuu, gari la kupelekea mboga sokoni Malindi. Akawapakia wote, pamoja na kuku mmoja aliyewekwa kwa ajili ya karamu ya arobaini. Wakapanda hadi uwanja wa shule, kilimani. Watu wengine walilala madarasani. Wao, Kombi ndiyo ikawa nyumba.

Ilikuwa nyumba ya tabu. Walilala juu ya bati tupu, mifupa ikawauma. Mvua ilivuja, mbu wakawafaidi. Bi Mishi aliilia nyumba yake kimoyomoyo, lakini mdomoni alikuwa na neno moja tu: "Ada haisombwi na maji."

Siku ya tatu pale uwanjani mvua ilinyesha tangu alfajiri. Abdalla alikwenda kutazama kama maji yamepungua shambani. Bi Mishi akaingiza jiko ndani ya Kombi. Akapandisha vioo vyote, akaziba nyufa za milango kwa vipande vya kanga.

"Pumzika, mwanangu. Nakwenda kupanga foleni ya unga."

"Mama, kichwa chaniuma."

"Ni baridi hiyo. Moto utaitoa."

Akafunga mlango.

Foleni ilikuwa ndefu. Aliporudi, alikuwa na Mzee Zubeir, aliyemsaidia kubeba unga. Zubeir alikuwa dereva mstaafu. Kwa miaka kumi na minane aliwapeleka watalii Tsavo na kulala nao porini, wengine katika mahema, wengine ndani ya magari.

"Hodi, Shekha!" Bi Mishi akaita.

Kimya. Hata mtoto hakulia.

Zubeir alichungulia kiooni, akaona wekundu wa makaa. "Bi Mishi, mmetia moto humu?"

"Ndiyo. Mna mzazi."

Zubeir aliuangusha unga matopeni, akavuta mlango kwa nguvu. Joto likawapiga usoni. Kuku alikuwa amekufa ndani ya tenga. Shekha alikuwa amelegea, macho nusu wazi. Zubeir akamshika makwapani, akaanza kumvuta nje.

"Mvuani? Utamuua mwanangu kwa baridi!"

"Baridi ina dawa, Bi Mishi! Mtoe mtoto!"

Bi Mishi akamtoa mjukuu wake. Alikuwa mzito, kichwa kinaning'inia. Matone ya mvua yakamwangukia usoni. Akatweta, akanyamaza, kisha akalia kwa sauti nyembamba. Shekha hakuitika.

Zubeir aliwakimbiza hospitali kwa gari lake. Seif aliruhusiwa siku ya pili. Shekha alilazwa siku sita, akipewa hewa safi kwa mpira wa puani. Akapona, lakini kichwa kiliendelea kumuuma, na mambo madogo akawa anayasahau.

Abdalla hakumtolea mama mkwe wake neno baya. Alimwamkia shikamoo, basi. Lakini mtoto alimpakata mwenyewe, na akichoka alimpa jirani. Hilo lilimchoma Bi Mishi kuliko matusi.

"Msiba wa kujitakia hauna kilio," alimwambia Zubeir. "Lakini nifahamishe. Mimi niliwekewa jiko. Mama yangu aliwekewa. Mbona sisi hatukufa?"

"Nyumba ya makuti inapumua, Bi Mishi. Makaa hutoa hewa ya sumu. Huioni, wala haina harufu. Makutini hupata pa kutokea, ingawa hata huko ni hatari. Garini, ukishapandisha vioo, haina njia. Huanza kwa kuumwa kichwa, kisha kichefuchefu, kisha usingizi."

"Aliniambia kichwa kinamuuma," Bi Mishi akasema, na machozi yakamtoka.

Alasiri hiyo Zubeir na Abdalla waliitengeneza Kombi. Walifunga turubai kutoka paani hadi kwenye nguzo mbili, likiwa limeinama ili maji yateremke. Chini yake, pande zote zikiwa wazi, ndipo jiko lilipowekwa, mbali na mlango. Ndani walitandika mbao, na juu ya mbao magunia makavu na mkeka. Vioo walivishusha vidole viwili kila upande, wakatungika vipande vya chandarua kuzuia mbu.

"Na joto la mzazi?" Bi Mishi akauliza, kwa sauti ya chini.

"Chupa ya maji ya moto, iliyozungushiwa kitambaa. Moto hauingii garini hata kidogo. Hata makaa yanayoonekana yamezimika, yaache nje."

Arobaini ikafika, mvua bado ikinyesha. Hapakuwa na kuku wala karamu. Walikunywa uji chini ya turubai, wakaomba dua. Shekha alikuwa amesinzia ndani, akipumua vizuri. Abdalla alisimama na mtoto mbele ya mama mkwe wake.

"Mama," alisema, "mpokee mjukuu wako."

Bi Mishi alinyoosha mikono. Kisha akairudisha. Kwanza alikwenda kutazama vioo vya gari, upande huu na upande ule. Vilikuwa wazi. Ndipo akarudi, akampokea Seif.