Andika Sitini na Saba

Kila siku ikifika saa tisa alasiri, cherehani ya Mama Kipimo hunyamaza. Wateja wake wanajua. Saa hiyo hata aje nani na kitambaa cha hariri, atasubiri. Mama Kipimo husogeza mkasi na chaki pembeni, hupangusa vumbi la nyuzi kwenye skrini, kisha humpigia pacha wake simu ya video.

Pacha anaishi mji mwingine, kwa binti yake na mkwewe. Mwaka uliopita alipata kiharusi. Kilimwachia mkono wa kushoto tu na nusu ya maneno. Maneno yaliyobaki huja moja moja, na watu hawana subira. Muuza duka alimmalizia sentensi, tena akaimalizia vibaya, na tangu siku hiyo Pacha hatoki nje ya nyumba. Lakini mbele ya skrini anashona. Daktari alisema vidole vinahitaji kazi, na Mama Kipimo akaamua kazi hiyo ataisimamia mwenyewe.

"Umeruka hapo," humwambia. "Fumua."

Pacha hufumua. Hucheka kwa upande mmoja wa mdomo, kisha huanza tena.

Ndiyo maana ujumbe wa kampuni ya intaneti ulimchafua roho Mama Kipimo. Bei ya kifurushi cha nyumbani ingepanda mwezi ujao. Kijana wake alipopita jioni kumjulia hali, alitoa ushauri kama vijana wanavyotoa, akiwa amesimama mlangoni.

"Mama, kata tu hii laini. Tumia bando la simu."

"Bando lilikatika juzi katikati ya mshono. Mama yako mkubwa alidhani nimemkimbia. Alilia."

"Kwa hiyo utalipa bei mpya?"

"Silipi na sikati."

"Haiwezekani vyote viwili, Mama."

"Kaa uone," alisema Mama Kipimo.

Asubuhi alikwenda ofisi ya kampuni. Mlangoni palibandikwa picha ya familia inayocheka meno yote nje. Chini yake paliandikwa kwamba wateja wapya watalipa nusu bei. Mama Kipimo aliisoma mara mbili. Akaingia ndani akiwa amekwisha kuiva.

"Shikamoo, mama," alisema dada wa kaunta.

Mama Kipimo hapendi shikamoo. Zamani mteja mmoja alimnyang'anya kitambaa akisema fundi mzee hukata kwa kukisia. Tangu hapo, alipofika miaka hamsini na tisa, hakusogea tena. Miaka ikaja ikapita, yeye akabaki palepale. Akikutana na vijana, huwahi kuwaambia "hujambo" kabla hawajamwamkia.

"Marahaba," alijibu kwa shida. "Hebu nieleze. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mimi kwenu nimeshika jembe miaka kumi na moja. Sasa wageni mnawapa nusu bei, na mimi mnaniongezea shamba?"

Dada wa kaunta alitabasamu. "Punguzo la wateja wa muda mrefu lipo, mama. Na lipo la waliotimiza miaka sitini. Lakini haliji lenyewe. Mteja lazima aombe. Una miaka mingapi?"

"Hamsini na tisa." Ulimi ulijibu kabla yeye hajafikiri.

"Basi la umri bado kidogo." Dada alibonyeza kompyuta. "Na hata hilo la muda mrefu, naona akaunti ina jina la mwanamume."

"Ni kijana wangu. Aliifungua alipokuwa akiishi kwangu. Akaoa, akahama. Anayelipa ni mimi."

"Kwenye kompyuta mteja ni yeye. Wewe hatukujui, mama."

Hakusema kwa ubaya. Lakini Mama Kipimo alitoka pale akiyarudia maneno hayo. Miaka kumi na moja analipa bila kuchelewa, na hawamjui! Njiani akaamua. Angeifunga laini ile, kisha arudi kama mteja mpya, alipe nusu bei kama wale wanaocheka mlangoni.

Alasiri alikuja jirani yake kupunguziwa sketi. Jirani huyo aliwahi kupokea simu za wateja katika kampuni nyingine ya intaneti. Mpaka leo ukimgongea mlango anaitika "haloo", ndiyo maana mtaa mzima unamwita Mama Haloo. Alimkuta Mama Kipimo yuko mbele ya skrini, Pacha anashona, na hasira zinasimuliwa kwa sauti.

"Usifunge," alisema Mama Haloo. "Ukifunga, umeizika miaka kumi na moja kwa mikono yako mwenyewe."

"Nitapata nusu bei."

"Ya miezi michache. Ulisoma maandishi madogo chini ya ile picha? Muda ukiisha unarudi kwenye bei kamili, na hapo huna hata mwaka mmoja wa kujitetea."

"Basi nifanyeje?"

"Omba kubadilishiwa jina. Nenda na kijana wako, kila mtu na kitambulisho chake. Waambie akaunti ibaki ileile, pamoja na miaka yake. Halafu uliza mapunguzo yote. Kampuni nyingine hukupa yote mawili. Nyingine hukupa moja tu, hapo chagua kubwa. Wakikubali, wakuandikie. Na mtu akikupigia simu eti umepata punguzo, kisha akataka namba yako ya siri, usimtajie, mkatie simu."

"Kwa nini hawasemi wenyewe?"

"Dada yangu, mimi nilishinda kwenye simu kutwa. Aliyeuliza tulimpa. Asiyeuliza tulimtakia siku njema."

Mama Kipimo alikunja uso. "La muda mrefu litanitosha. La umri sitaki."

"La umri mara nyingi ndilo nono. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, dada."

"Mimi nitakitoa kwa ufagio."

Mama Haloo alicheka mpaka akashika mbavu. "Kwani una miaka mingapi wewe?"

"Hamsini na tisa."

Kwenye skrini sindano ilisimama. Pacha aliinua kichwa.

"Hamsini... na tisa," alisema polepole. Alitafuta maneno mengine, akayapata. "Basi mimi... nilizaliwa... na nani?"

Mama Kipimo aliona aibu, aibu ya kweli. Siku zote alidhani uongo ule ni wake peke yake, haumdhuru mtu. Kumbe alikuwa amemwacha dada yake atangulie uzeeni bila mwenzake, na ugonjwa juu.

"Ulizaliwa na mimi," alisema. "Nisamehe."

Siku ya pili alimchukua kijana wake mpaka ofisini. Foleni ilikuwa ndefu. Nyuma yao alisimama mteja wake, mama wa bibi harusi, ambaye alikuwa amemletea kitambaa cha gauni wiki hiyohiyo. Wakasalimiana. Mama Kipimo alijua kila atakalosema kwenye kaunta litasikika.

Dada wa kaunta aliinama karibu naye na kushusha sauti. "Umri wako kamili, mama?"

"Mbona unanong'ona? Kwani ni ugonjwa?" Mama Kipimo aliweka kitambulisho mezani. "Nina miaka sitini na saba. Andika sitini na saba."

Kijana wake alitazama sakafu. Nyuma, mama wa bibi harusi alishtuka.

"Sitini na saba, fundi? Na macho je?"

Mama Kipimo aligeuka. "Pindo la sketi yako limeachia, nyuma, upande wa kushoto. Nimeliona tangu ulipoingia."

Mama yule alijishika nyuma, na kweli uzi ulikuwa unaning'inia. Foleni ikaangua kicheko. Lakini kazi ilikuwa bado.

"Jina tutabadilisha," alisema dada wa kaunta. "Ila miaka itaanza upya."

"Haianzi upya. Nyumba ni ileile, waya ni uleule, na anayelipa ni yuleyule. Mnachobadilisha ni jina tu."

"Mama, utaratibu..."

"Niitie msimamizi. Sina haraka, nimekuja na maji yangu ya kunywa."

Msimamizi alikuja. Alisikiliza, akamwuliza kijana kama anakubali kuiachia akaunti.

"Nakubali," alisema kijana. Kisha akaongeza, "Mlipaji ni yeye tangu nilipohama. Ningekuwa nimelifanya hili zamani. Sikujua."

Msimamizi alikubali kuihamisha miaka yote kumi na moja. Mapunguzo mawili hayakuruhusiwa kwa pamoja katika kampuni ile. Mama Kipimo aliuliza lipi ni kubwa, akachukua la umri. Kisha akauliza kama bei hiyo itadumu.

"Itadumu, mama."

"Niandikie hivyo."

Akaandikiwa.

Mwezi uliofuata bili ilikuja kwa jina lake, na ilikuwa ndogo kuliko hata ile ya zamani. Mama wa bibi harusi alikuwa amekwisha kuja kuchukua kitambaa chake. Alisema binti amebadili mawazo. Mama Kipimo alimkunjia vizuri, akamwachia na alama za chaki ili fundi mwingine asikosee. Iliuma. Lakini hakumbembeleza, na hakupunguza hata mwaka mmoja. Wateja wengine walibaki. Wawili walikuja kuuliza habari ya punguzo zaidi kuliko habari ya nguo, naye akawaelekeza bila kuwatoza.

Saa tisa alimsimulia Pacha yote tena, kwa mara ya tatu, kwa kuwa Pacha alitaka kusikia tena habari za lile pindo. Alipomaliza, Pacha aliweka sindano chini.

"Hapa... nalipa mimi," alisema. "Jina... la mkwe."

"Basi mtume mkweo aende akaombe akaunti ihamishiwe kwako."

"Hapana. Nakwenda... mwenyewe."

Binti wa Pacha alitokea kwenye skrini, kitambaa cha vyombo mkononi, uso umejaa wasiwasi. "Mama mdogo, mkataze. Pale kuna foleni. Atachukua muda mrefu kujieleza, na watu wale hawana subira."

Pacha aliinua mkono wa kushoto, binti akanyamaza. Neno lilichukua muda kuja. Mama Kipimo alilijua tangu silabi ya kwanza, lakini alikaza meno, hakulimalizia.

"Wa... ta... subiri," alisema Pacha.