Kahawa Iliyokataliwa Mara Mbili

"Kahawa ameikataa!"

Shangazi Ephrasia aliingia jikoni mikono kichwani. Kokugonza alikuwa akimenya ndizi, daftari la Baiolojia limefunuliwa pajani. Kisu kilimponyoka.

"Nani kaikataa, shangazi?"

"Anatory wako! Baba yako kamletea kikapu, wazee wote wanatazama, yeye kafumba mkono. Waitu, tumeaibika!"

Hapa Muleba mgeni anaweza kukataa chakula akasamehewa. Lakini siku ya posa, kahawa ya kutafuna ndiyo neno la mwisho, na mchumba akiikataa ni kama kasema binti simtaki. Kokugonza aliumia. Miaka miwili ya barua, zote zikimfikia shuleni Bukoba na harufu ya ghala la ushirika Anatory alikopimia kahawa, kumbe alikuwa akichezewa!

Alimkuta Anatory nje, migombani.

"Kama umepata mwingine si ungesema? Kwa nini uniaibishe mbele ya wazee?"

"Koku, unajua harusi wameipanga lini?"

"Nani ananiambia mimi?"

"Oktoba. Mtihani wako wa kidato cha nne ni Novemba."

Kokugonza akahesabu miezi kwa vidole.

"Mshenga wangu kakubali bila kuniuliza," Anatory akaendelea. "Ningetafuna, ungefunga daftari leo hii. Mimi niliacha kidato cha tatu, baba alipofariki na kibanja chetu cha migomba kikakosa mtu wa kukilima. Mpaka leo nikiona wanafunzi na sare zao navuka barabara. Yasikupate wewe."

Machozi yalimtoka Kokugonza, ya aibu na ya mapenzi kwa pamoja. Nyuma yao baba yake, Mzee Mwijage, alikohoa.

"Kijana, umenitukana nyumbani kwangu."

"Nisamehe, Tata, baba yangu. Nitarudi kuitafuna akishamaliza."

"Na akifaulu, akakudharau wewe uliyeishia njiani?"



"Basi anidharau akiwa na cheti."

Mzee aligeuka, akawarudia wazee wenzake. Lakini shule ilipofunguliwa, yeye mwenyewe ndiye aliyebeba sanduku la bintiye mpaka kituo cha basi.

Darasa la Kokugonza lilikuwa limeanza na wasichana thelathini na watano. Siku ya mtihani walikaa ishirini na mmoja. Wengine walikuwa wameshaolewa, wengine waliitwa nyumbani tu na hawakurudi. Yeye alikaa, akaandika mpaka vidole vikafa ganzi.

Mwaka mpya ukaleta telegramu kule ghalani:

NIMEFAULU. NJOO NA MSHENGA. KOKU.

Anatory aliruka juu ya magunia kama mwehu! Jumapili wazee walikaa tena, rubisi, pombe ya ndizi, ikamiminwa, kikapu kikaletwa. Anatory akanyoosha mkono.

"Tata, rudisha kikapu!"

Kokugonza alikuwa amesimama mlangoni, jambo ambalo binti anayeposwa halifanyi. Shangazi Ephrasia akashika kichwa tena.

"Aliyekataa niishie njiani, mimi nami nakataa aishie njiani," Kokugonza akasema. "Kuna masomo kwa njia ya posta. Amalize, ndipo tutafune."

"Koku, nina miaka ishirini na sita!"

"Nitakungoja. Au unadhani kungoja unakujua peke yako?"

Wazee walicheka mpaka rubisi ikamwagika.

Ikawa mchana Anatory anapima kahawa, jioni anapima pembetatu. Kokugonza, ambaye sasa alikuwa chuo cha ualimu, alimsahihishia. Barua zao za mapenzi zilijaa wino mwekundu. "Nakupenda sana," aliandika mara moja, "ila swali la nne umenikasirisha." Mara mbili Anatory alitaka kuacha, na mara mbili alizisoma zile barua upya, akaketi.

Mwaka wa tatu Anatory alishuka kwenye basi akikimbia, bahasha ya matokeo mkononi. Wote walikuwa uani kwa Mzee Mwijage wakimngoja. Kokugonza alitaka kuipokea, lakini baba yake akamtangulia.

"Lete. Nitasoma mimi."

Kila mtu alishangaa. Mzee Mwijage hakujua kusoma hata herufi a. Kumbe mwaka mzima, akiaga kwamba anakwenda kikaoni, alikuwa akienda darasa la watu wazima! Akaweka kidole chini ya maandishi.

"A-na-to-ry... a-me-fa-u-lu."

Vigelegele vilipasua migomba. Kokugonza alimrukia mchumba wake shingoni mbele ya mshenga, mbele ya shangazi, mbele ya wote, na hakuna aliyemkemea.

Mzee alijifuta macho, akawasogezea kikapu.

"Tafuneni upesi," akasema, "kabla hamjanipeleka na mimi kidato cha kwanza!"