Kibanio cha Mwizi

Kila siku baada ya shule, vyombo vikishaoshwa na sare zikishaanikwa, meza ya Mama Fundi ya kukatia vitambaa iligeuka kuwa jangwa. Mwenye jangwa alikuwa binti yake, msichana wa miaka kumi na miwili ambaye darasa zima lilimwita Redio, kwa kuwa akianza kusimulia hazimiki.

Mchezo wenyewe aliutunga yeye. Alisimulia safari, na kila mchezaji akaigiza mhusika wake: alisema anachotaka kufanya, kisha dadu ikaamua kama amefaulu. Mapacha wa mwenye duka walikuwa askari wawili. Kipara, jirani na mwanafunzi mwenzake ambaye nywele zake hazikuwahi kupewa nafasi ya kuota, alikuwa mwizi. Kwenye ubao Redio alipigilia futi kuukuu ya mama yake, ule utepe wa kupimia nguo, na kila mhusika akawa na kibanio chake cha nguo juu ya futi hiyo. Ukitenda wema, kibanio kilisogea kulia. Ukitenda ubaya, kushoto. Katikati palikuwa na mstari mwekundu, na aliyebaki kushoto kwake hakufunguliwa lango la mji wowote.

Sasa msimu wa kushona sare ulikuwa unaanza, na Mama Fundi aliihitaji meza yake. Tumaini lilibaki kwa mwalimu wa maktaba.

"Ijumaa nitawatazama mkicheza," alikuwa amewaambia. "Nikiona mchezo una maana, nitawapa meza ya maktaba. Nikiona ni kelele tu, basi."

Jumanne asubuhi Redio alikwama akisoma kwa sauti darasani, na Kipara akacheka mpaka akashika mbavu. Jioni, katika mchezo, mwizi wa Kipara alimkuta mtoto aliyepotea jangwani, akambeba hadi mjini, akamkabidhi kwa walinzi langoni. Redio akakisogeza kibanio chake kidogo tu, upana wa ukucha.

"Hivyo tu?" Kipara akauliza. "Jana mapacha walimsalimia bibi kizee, ukawasogeza kiganja kizima."

"Mwizi wako alitaka zawadi."

"Nani kasema? Mwizi ni mimi, na sikusema hivyo."

"Na msimulizi ni mimi."

"Basi jisimulie mwenyewe."

Kipara akaiweka dadu mezani taratibu, akaondoka. Mapacha wakatazamana, wakamfuata. Redio aliachwa na ubao wake, roho ikimuuma, maana Ijumaa ilikuwa inakuja na hakuwa na mchezaji hata mmoja.

Kesho yake alikuwa akiokota pini sakafuni alipoingia mama mmoja wa mtaa wa pili kupimwa gauni. Redio alimjua sana. Ndiye aliyemtukana mama yake mbele ya watu kwa sababu ya kamba ya kuanikia nguo. Mama Fundi akampima mabega, kifua na kiuno, akarudia kiuno ili asikosee, kisha akamuaga kwa adabu.

"Mama, si ndiye yule aliyekutukana? Mimi ningempunguzia kiunoni. Akibanwa, shauri yake."

Mama Fundi akacheka. "Mwanangu, futi haijui nimegombana na nani. Siku nikianza kupima hasira zangu badala ya kiuno cha mteja, nifunge duka nikalale."

Redio akageuka, akakitazama kibanio cha mwizi pale ubaoni.

Jioni alimkuta Kipara kwao akiosha baiskeli ya baba yake.

"Kipara, nilikukosea," alisema. "Nilikasirika uliponicheka, nikakupima wewe badala ya kumpima mwizi wako."

Kipara aliendelea kusugua gurudumu. "Na mimi kile kicheko kilikuwa cha kijinga," akasema hatimaye. "Nitarudi, na mapacha nitawaleta. Lakini kuanzia sasa hakuna kugusa kibanio bila kutoa sababu mbele ya wote. Hata msimulizi."

"Hata msimulizi," Redio akakubali, na moyo wake ukatulia.

Ijumaa, pale maktabani, wanafunzi wengine walisogea kutazama, na mwalimu akavuta kiti, miwani ikiwa imemshuka puani. Safari ilikuwa imefika pagumu. Mwizi alikuwa ameokota ufunguo wa tangi la maji la mji uleule uliomfungia lango siku zote. Akiyauza maji, atatajirika. Akilifungua bure, watu watapona. Kipara aliichezesha dadu kiganjani, macho yakiwa kwenye futi.

"Kama hicho kibanio kisingekuwepo, ungefanya nini?" mwalimu akauliza.

"Ningeuza, mwalimu. Nisingesita hata kidogo, mchezo ni mchezo." Kipara akajikuna kichwa. "Lakini nikitazama pale nakumbuka mwizi wangu alikotoka. Alimbeba yule mtoto. Mtoto yumo humo mjini, na ana kiu. Nafungua bure."

Kufuli lilikuwa na kutu, lilihitaji sita. Dadu ikaleta mbili. Kipara akainamisha kichwa.

"Sisi tunamsaidia kuvuta," mapacha wakasema, wao ambao askari wao walimfukuza mwizi safari nzima. Mmoja akarusha, akapata tatu. Wa pili akapuliza kiganja, akarusha. Sita. Kufuli likafunguka.

"Sababu?" Redio akauliza, kidole kikiwa kwenye kibanio.

"Ametoa bure maji aliyoweza kuyauza," mapacha wakajibu kwa pamoja.

Kibanio kikateleza, kikavuka mstari mwekundu.

"Walinzi wakasogea kando," Redio akasimulia kwa furaha, "na kwa mara ya kwanza mwizi akaingia mjini mchana kweupe, kwa lango la mbele."

Maktaba iliyozoea kunong'ona ikajaa makofi, na mwalimu mwenyewe alikuwa miongoni mwa waliopiga.

"Meza ni yenu," alisema walipotulia. "Sasa nisikilizeni. Kibanio hakimfanyi mtu kuwa mwema. Kinamsimamisha ajiulize kabla ya kutenda, na hiyo ni faida kubwa. Lakini anayewapima wenzake apime walichotenda, asipime chuki wala mapenzi yake. Mkiyashika hayo hata nje ya mchezo, mtakuwa mmeshinda kweli."

Kipara akachukua kibanio kipya, akakiandika "Redio", akakibana kwenye futi, kulia kabisa kwa mstari mwekundu.

"Sababu?" mapacha wakauliza.

"Alikuja kwetu mwenyewe kukiri kosa lake," Kipara akasema.

Na Redio akairudisha dadu katikati ya meza, akaanza kusimulia safari mpya.