Mkono wa Kushoto wa Msusi

Ukumbi wa maonyesho ulikuwa umejaa hadi mlangoni, na msusi mmoja mwenye gauni la manjano alikuwa akipenya atafute pa kutokea, kijana alipomzuia.

"Dada, samahani. Niazime mkono."

"Wako umeupeleka wapi?"

Kijana akacheka. Kazi yake ilikuwa kuunda mikono ya watu ndani ya kompyuta, ili mtu akivaa miwani ya kuingilia dunia ya kubuni aione mikono yake mwenyewe, si ya sanamu. Wenzake walimwita Fundi Mikono. Msusi akampa wa kulia. Wa kushoto ukabaki mfukoni. Fundi akaupiga picha pande zote, akapima kila pingili, hakuiacha hata alama ya uzi kwenye kidole cha shahada.

"Kidole hiki hakijui uvivu," alisema. Kisha macho yake yakapanda usoni, yakakwama huko.

Mwezi mzima simu hazikupoa.

"Umekula, malkia?"

"Nimekula, fundi wangu. Na wewe acha kuchunguza mikono ya watu!"

Mapenzi ni kikohozi. Wateja wa saluni walijua kabla yake.

Kazi ilipokamilika, fundi alimwita karakanani, akamvisha miwani. Msusi akauona mkono wake wa kulia, mishipa, kucha na alama ya uzi, akapiga kelele za furaha. Kijana ana kipaji, tusimnyime haki yake. Halafu msusi akatazama wa kushoto. Ulikuwa mlaini, hauna doa.

"Huu wa nani?"

"Wako, mpenzi."

"Wangu? Ni wa mwanamke gani huu?"

Akavua miwani, akaondoka.

Jioni fundi alipiga simu mara tisa. Ya kumi ikapokelewa.

"Haki ya Mungu sina mwingine! Wa kushoto sikuupiga picha. Nilichukua wa kulia, nikaufuta alama zote, nikaugeuza kama kwenye kioo. Mafundi wavivu ndivyo tufanyavyo."

Hasira ilimtoka msusi, hofu ikamwingia, maana aliyeuficha mkono ni yeye. Vidole viwili vilishikana alipoungua utotoni kwa maji ya moto, na mchumba wa kwanza alipoviona hakurudi tena.

"Mficha uchi hazai," mama yake alisema kutoka chumba cha pili. Simu ilikuwa na sauti kubwa, naye alikuwa amesikia kila neno.

Asubuhi msusi aliuweka mkono juu ya meza ya fundi. "Wangu ndio huu. Ukitaka kukimbia, mlango uko wazi."

Fundi akauinamia kwa muda mrefu.

"Unasukaje?"

"Hivi viwili ndivyo hubana nywele. Havitelezi. Ndiyo maana mistari yangu haipindi."

"Lo! Kumbe siri ya saluni nzima iko hapa!"

Akavuta kamera. Kompyuta ilikataa mara tatu, ikidai vidole vitano vilivyoachana. Fundi akaitukana, akaifundisha upya kutwa nzima. Msusi alipovaa miwani akaiona mikono yake yote miwili ikisuka hewani, akalia bila kuona haya.

"Jumapili nataka kuja kwenu," fundi alisema.

"Kufanya nini?"

"Kumwamkia mama."

"Kumwamkia tu?"

"Kukuposa."

"Basi usije peke yako. Njoo na shangazi yako," msusi alisema. "Nitampokea kwa mikono miwili."